Maji ya Kushikisha

Katika mji mzima hapakuwa na doa lililowahi kumshinda Bibi Nili. Ndivyo alivyojitangaza mwenyewe, mikono kiunoni, kwa kila mteja aliyeingia uani kwake na kifurushi kwapani. “Doa lolote lile, mwanangu, lete. Mimi ndiye mama yao.” Mteja akishafungua kifurushi na kuitandaza nguo, Bibi Nili huinama, huinusa, kisha huongeza kwa sauti ya mtu anayezungumza na viatu vyake: “Isipokuwa la kutu. Na la mafuta ya gari. Na utomvu wa ndizi, huo hata aliyeuumba hakutaka utoke. Lakini la chai tunaweza kujaribu.”

Ukweli ni kwamba kazi yake haikuwa kutoa madoa hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kuyatia. Miaka arobaini alikuwa akifunga nguo nyeupe kwa uzi, akizichovya kwenye masufuria yaliyojipanga uani kama wagonjwa wanaosubiri daktari, akizifungua na kuzianika zikiwa na miduara, mawimbi na macho ya samaki. Mikono yake ilikuwa ya bluu hadi karibu na viwiko, na kucha ndizo zilizozidi. Siku moja daktari mgeni aliziona kucha hizo akapiga kelele, akamlaza kitandani na kumvisha mashine ya hewa. “Nilimwacha anihudumie kwa nusu saa hivi,” Bibi Nili husimulia. “Ilikuwa hewa nzuri.”

Kitu kimoja tu alikijivunia kuliko masufuria yake, nacho kilikuwa mjukuu wake wa kike, ambaye alimlea tangu hajaota meno. Walikuwa wakiitana mke mwenza, kwa sababu marehemu babu aliwapenda wote wawili na hakuna aliyekubali kuwa mke mdogo. Mjukuu alisoma, akasoma tena, akaishia kwenye maabara ya polisi, chumba cha alama za vidole. Alipokuwa bado mwanafunzi, vidole vya kujifunzia vilikuwa vya bibi yake. Alivipaka wino, akavibana kwenye karatasi, jioni baada ya jioni, hadi akakijua kidole gumba cha bibi kuliko alivyoijua sura yake: duara lililojizungusha vizuri, na katikati yake kovu lililopita mshazari kama njia ya mkato. Kovu hilo lililetwa na kisu cha kukatia uzi.

Siku mjukuu alipohitimu, Bibi Nili alipiga kigelegele kirefu hivi kwamba mgeni rasmi alipoteza ukurasa wa hotuba yake, akarudia kusoma ule wa kwanza. Kadi za mwaka uliofuata ziliandikwa chini kwa herufi nzito: Vigelegele haviruhusiwi. Bibi Nili aliomba kadi moja, akaitia kwenye fremu.

Basi Jumamosi moja alasiri, mjukuu aliingia uani bila kusalimia. Akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akatazama masufuria.

“Mke mwenzangu,” alisema Bibi Nili, “umefiwa au umeolewa?”

“Nimeharibu kazi, Bibi.”

“Kazi gani?”

“Siruhusiwi kukwambia.”

“Basi usiniambie. Iambie hiyo sufuria. Mimi nakoroga tu.”

Mjukuu akaiambia sufuria. Kulikuwa na fundi cherehani aliyepigwa kichwani na pasi yake mwenyewe, ile nzito ya mkaa, dukani mwake mchana kweupe. Hakufa, lakini siku ile yote ilifutika kichwani mwake. Aliyemkuta ni fundi viatu, ambaye huketi kizingitini mwa duka lile na sindano zake. Alimpakata kichwa, akapiga mayowe, na polisi walipofika walimkuta ana damu kuanzia kifuani hadi magotini. Sasa alikuwa mahabusu mwezi wa pili. Kila alipoulizwa alijibu kwamba yeye alimwinua tu mwenzake, na kila aliyemsikia alitikisa kichwa kwa huruma ya mtu asiyeamini.

“Fundi viatu yule anayeimba akishona?” aliuliza Bibi Nili.

“Bibi, si ulisema unakoroga?”

“Nakoroga. Ila ndiye aliyezishona hizi ndara. Mtu anayeshona hivi hana haraka ya kumpiga mwenzake pasi.”

Juu ya meza ya kukatia, mjukuu aliendelea, palikuwa na kitambaa cheupe cha poplini kimetandazwa. Pembeni mwake palionekana madoa mawili hafifu, kana kwamba mtu aliishika meza asianguke. Damu kidogo sana. Ukiitazama moja kwa moja huioni, ukigeuza shingo unaiona. Kila doa lilionekana kama la kidole. Ipo dawa yake, rangi ambayo kazi yake ni kuitafuta damu na kuing’ang’ania, ili kilichokuwa kivuli kitoke cheusi cha bluu, mistari yote ya kidole ionekane. Lakini mkuu wa maabara, ambaye wote humwita Bwana Haraka, alisimama nyuma yake na saa mkononi. Kitambaa hakitunzi vidole, alisema, na kama kinatunza, basi tumalize kabla ya mkutano.

“Nikakata kipande chenye doa moja, nikamimina rangi. Bibi, ile alama ilichuruzika mbele ya macho yangu! Mistari ikavimba, ikashikana, ikawa wingu. Na kipande chote kikawa bluu.”

Bibi Nili aliacha kukoroga.

“Ulishikisha?”

“Si nguo ya kuvaa, Bibi.”

“Sikukuuliza kama itavaliwa. Nimekuuliza, ulishikisha?”

Neno hilo mjukuu alikuwa akilisikia tangu utotoni, kabla hajajua neno lolote la vitabuni. Uani pale kila kitu kilishikishwa. Rangi isiyoshikishwa ni mgeni, Bibi Nili alikuwa akisema. Mvua ya kwanza tu anaaga. Kuna maji yake, yenye siki na chumvi na subira, na nguo hulala humo kabla ya jambo jingine lolote.

“Ipo dawa ya kuigandisha damu kwanza,” alisema mjukuu taratibu. “Tindikali fulani. Damu inashikamana na uzi, rangi ikija haiihamishi. Dakika tano. Bwana Haraka alisema hatuna dakika tano.”

“Ana miaka mingapi huyo Bwana Haraka?”

“Hamsini na kitu.”

“Miaka hamsini anayo, dakika tano hana.” Bibi Nili akafuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa bluu vilevile. “Imebaki moja?”

“Moja tu. Hiyo ikiharibika, hakuna kingine. Fundi viatu anafungwa.”

“Basi acha kuniangalia kama nimekufa. Njoo hapa.”

Alimpeleka jikoni na kumketisha kwenye kiti, si kwenye ndoo. Akamwambia mambo ambayo mjukuu aliyajua yote, ila alikuwa ameyaacha mlangoni mwa maabara pamoja na viatu vya nyumbani. Kwamba unashikisha kwanza, na hata nyumba ikiungua, unangoja muda wake. Kwamba ukishatia rangi usikurupuke kusuuza. Humwagi maji juu ya mchoro kama unayeosha gari, unayaingiza kwa pembeni, yatembee yenyewe. Maji ya kusuuzia nayo yawe na ukali wa siki, maana maji matupu hayajui kipi cha kuondoa na kipi cha kuacha. Na husimami hadi maji yatoke yamechoka.

“Yamechoka?”

“Yanaingia masafi, yanatoka masafi. Hayana tena cha kubeba. Hapo yamechoka, nawe unaweza kuchoka.”

Halafu, alisema Bibi Nili, hakuna mtia rangi mwenye akili anayeanza na nguo ya bibi harusi. Unaanza na kipande. Akafungua sanduku, akatoa poplini nyeupe ya kufumwa kwa karibu, akachana kipande cha kiganja kimoja. Mjukuu alipoanza kutafuta sindano ya kujichoma, bibi alimtangulia.

“Wewe damu yako iache, unaihitaji kazini. Yangu imezeeka, haina safari.” Akajichoma kidole gumba, akapakaza tone hilo hadi likawa unyevu tu, akakibana kidole juu ya kitambaa. Doa lilikuwa hafifu kama aibu ya mwizi. “Nenda nacho. Na ukikiharibu, ninacho kingine mkono wa pili.”

Jumatatu jioni mjukuu alirudi akiruka madimbwi. Alikuwa amefika maabara mapema, kabla Bwana Haraka hajapata saa ya kuitazama. Alianza na kipande cha bibi. Alikilaza kwenye sinia nyeupe, akakishikisha kwa dakika tano nzima, akatia rangi, akakisuuza kwa pembeni. Alibadilisha maji mara nne. Mara ya kwanza yalitoka kama anga la jioni, mara ya nne yakatoka matupu. Na pale katikati ya kitambaa cheupe palikuwa na kidole gumba, cheusi cha bluu, duara na kovu, kila mstari mahali pake.

“Hebu!” Bibi Nili alikishika kwa ncha za vidole. “Picha nzuri kuliko ile ya kitambulisho. Pale nimetoka kama niliyeibiwa.”

“Kisha nikafanya ile yenyewe. Bwana Haraka akaja maji yakiwa ya tatu, yana rangi kidogo tu, akasema inatosha. Nikamwambia, Mkuu, haya maji hayajachoka.”

“Ulimwambia hivyo?”

“Lilinitoka. Akanitazama, akauliza hicho ni kipimo gani. Nikamwambia, kipimo cha miaka arobaini. Akavuta kiti, akakaa.”

“Akakaa!” Bibi Nili akapiga paja. “Bwana Haraka akakaa!”

Alama ilitoka. Haikuwa ya fundi viatu. Katika wiki zilizofuata wakailinganisha na vidole vya watu wote waliokuwa wakiingia duka lile, na ikalala sawasawa juu ya kidole cha shemeji wa fundi cherehani, yule aliyewaapia polisi kwamba hajakanyaga dukani mwezi mzima. Ilijulikana kwamba wawili hao walikuwa hawapatani kwa ajili ya cherehani iliyoachwa na baba mkwe, kila mmoja akisema aliachiwa yeye. Shemeji akakamatwa. Fundi viatu akaachiwa kwa dhamana, akarudi kizingitini pake, lakini haimbi. Kesi yake haijafutwa, alieleza mjukuu aliporudi uani jioni nyingine. Imewekwa kando tu. Shemeji alikuwa amepata wakili anayejua kuuma na kupuliza, na wakili huyo alikuwa ametangaza kwamba ile alama ataitupa nje kabla ya chai. Ikitupwa, fundi viatu anarudi ndani.

“Na atakayeulizwa juu ya alama ni nani?”

“Ni mimi. Alhamisi. Mara yangu ya kwanza kizimbani.”

“Nitavaa ile ya macho ya samaki.”

“Hutavaa kitu, Bibi. Huji.” Mjukuu alimshika mikono yake yote miwili ya bluu. “Nakuomba. Nikikuona tu nitakuwa mtoto. Sauti itanipotea. Na wewe ukisikia jambo zuri utapiga kigelegele, hakimu atatutoa wote. Niahidi.”

Bibi Nili aliahidi. Alitazama ukutani wakati akiahidi, lakini aliahidi. Goti lenyewe lilikuwa linamsumbua, alisema. Angeshinda nyumbani na masufuria yake, na jioni angehadithiwa.

Alhamisi saa tatu asubuhi, mwanamke aliyejitanda kitambaa cha kahawia alishuka kwenye pikipiki mbele ya mahakama. Kahawia ni rangi ambayo Bibi Nili hakuwahi kuivaa. Alikuwa akiwatilia watu asiowapenda. Usoni alikuwa na miwani ya shoga yake, mikubwa kama sahani za vikombe, iliyougeuza ulimwengu wote kuwa ukungu wenye miguu. Mikononi alivaa glovu za sufu. Jua lilikuwa kali.

Getini kulikuwa na askari mwenye daftari kubwa. Kila anayeingia alijiandikisha. Bibi Nili aliishika kalamu, kisha akaiona hatari. Yeye alimaliza darasa la saba, na mwandiko wake ulikuwa maarufu. Herufi zake zilisimama wima kama wanafunzi gwarideni, na mjukuu alifundishwa kuandika kwa mwandiko huo huo. Angeutambua hata kwenye giza. Na mashahidi nao walijiandikisha humo humo. Bibi Nili alijipongeza moyoni kwa kuwaza mbele, akairudisha kalamu.

“Sijui kuandika, mwanangu.”

“Pole, mama. Nikuandikie. Jina?”

“Bi Mpitanjia.”

Askari alimtazama kidogo, akaandika. “Sababu ya kuja?”

“Kukaa kivulini.”

“Haya, weka kidole hapa.” Akamsogezea kidau cha wino.

Bibi Nili alivua glovu moja, akabana kidole gumba kwenye wino, akakibana kwenye daftari kwa ufundi wa mtu aliyefanya hivyo jioni nyingi. Akavaa tena glovu na kuingia ndani kwa mwendo wa mtu asiye na wajukuu.

Chumba cha mahakama kilinuka karatasi na rangi mpya ya ukuta, rangi iliyopakwa na mtu asiyejua kazi. Alikaa benchi la mwisho nyuma ya nguzo. Akisukuma miwani juu aliona, akiishusha alijificha. Mbele aliketi fundi cherehani, bandeji kichwani. Pembeni, peke yake kwenye benchi zima, alikuwa fundi viatu, mikono kati ya magoti.

Mjukuu aliitwa. Alipanda kizimbani na koti lake la kazi, akaapa. Alieleza alichofanya, hatua kwa hatua, na akaonyesha kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki. Wakili alisimama akitabasamu.

“Shahidi,” alisema, “kitambaa hiki kilipofika kwako, alama hii ilionekana?”

“Kwa shida sana.”

“Na sasa inaonekana vizuri, nyeusi ti. Kwa hiyo wewe ndiye uliyeichora.”

Watu wakacheka. Nyuma ya nguzo, Bibi Nili aliuma ncha ya kitambaa chake.

“Mtu akiwasha taa chumbani,” alisema mjukuu, “hajaleta viti. Viti vilikuwemo. Rangi hii inashika damu. Pasipo damu, ikisuuzwa inaondoka. Mimi sikuchagua ikae wapi.”

“Vema sana. Sasa mteja wangu anakumbuka kwamba kweli aliwahi kupita dukani siku moja, akagusa kitambaa. Ni duka, watu wanagusa. Baadaye damu ya fundi cherehani ikarukia hapo hapo. Unaweza kuapa haikuwa hivyo?”

“Naweza. Kidole kisafi kikigusa kitambaa, halafu damu ikaja juu yake, damu haijui kwamba kidole kilipita. Inatengeneza doa zima, mviringo. Hapa damu imekaa kwenye mistari ya kidole tu, na kati ya mistari ni peupe. Damu ililetwa na kidole chenyewe. Aliyegusa hapa, mkono wake ulikuwa tayari na damu.”

Wakili alifungua jalada lake, akalifunga.

“Kwenye ripoti yako,” alisema, na sasa hakuwa akitabasamu sana, “umeandika kwamba kabla ya rangi ‘ulishikisha’. Mimi nimesoma vitabu vya sayansi, hilo neno sijaliona. Umelitoa kitabu gani?”

Bibi Nili alisahau kushusha miwani. Aliuona mkono wa mjukuu ukikishika kizimba. Akaona kinywa kinafunguka, kikafungwa. Laiti angekuwa anakaa mbele angemsukumia neno kwa macho. Akatulia, kama anavyotulia mbele ya sufuria ambayo haijachemka.

Mjukuu akainua kichwa.

“Kitabuni hatua hiyo ina jina refu, mheshimiwa hakimu, nami nimeliandika kwenye mabano ya ripoti. Kazi yake ni kuigandisha damu kwenye uzi ili isihame rangi ikija. Alama ya kwanza iliharibika kwa sababu hatua hiyo ilirukwa, na hilo pia nimeliandika, kwa sababu ni kweli. Ya pili sikuiruka. Neno lenyewe nimelitoa kwa bibi yangu. Anatia nguo rangi miaka arobaini. Kila ninachokijua kuhusu rangi kukaa mahali pake, nilianza kukijua kwake.”

Mara hii hakuna aliyecheka. Hakimu, mama mtu mzima mwenye kalamu nene, aliinama.

“Karani,” alisema. “Andika hivyo hivyo. Kushikisha.”

Kigelegele kilimpanda Bibi Nili kutoka kwenye ndara. Kilipita gotini, likaacha kuuma. Kikapita tumboni, kikafika kooni na kugonga mlango. Alijijaza kitambaa cha kahawia kinywani, nusu mita nzima, akainama hadi paji la uso likagusa benchi la mbele. Jirani yake akamuuliza kama anajisikia vibaya. Alitikisa kichwa, machozi yakishuka ndani ya miwani ya watu.

Hakimu alitoa uamuzi saa sita: alama imepokelewa, kesi ya shemeji inaendelea, na fundi viatu, kwa kuwa hakuna tena cha kumshika, aende nyumbani kwake. Fundi viatu alibaki amekaa. Ilibidi fundi cherehani mwenyewe, na bandeji yake, avuke chumba na kumpa mkono ainuke.

Bibi Nili hakungoja zaidi. Alitoka kwa mlango wa pembeni, akapanda pikipiki, akamwambia dereva kwamba kuna mgonjwa. Alfajiri alikuwa ameanika nguo moja. Sasa alianika nne za haraka, akajimwagia rangi kidogo kwenye aproni, akaficha miwani chini ya mto. Mjukuu alipoingia alimkuta anakoroga sufuria ambayo moto wake haujawashwa.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mke mwenzangu. Mbona mapema? Haya, hebu nihadithie, mimi hapa nimeshinda sijui la huku wala la kule.”

“Goti?”

“Linauma vibaya sana. Hata getini sijafika.”

Mjukuu aliketi kwenye ndoo. “Ilikuwa aibu, Bibi. Nilitetemeka kama jani. Wakili aliniuliza la kitabu, nikababaika, watu wakacheka.”

Bibi Nili alifumba kinywa. Mwiko ulizunguka kwenye sufuria kwa kasi. “Pole,” alisema kwa tabu, kama mtu anayemeza mfupa. “Siku... siku nyingine utafanya vizuri.”

“Hakimu hata hakuniangalia.”

“Aa, hakimu...” Mwiko ukasimama. Ukaanza tena. “Mahakimu ndivyo walivyo.”

Mjukuu alimtazama kwa muda, kama anavyotazama maji ya tatu. Kisha akafungua mkoba, akatoa kile kipande cha poplini, akakilaza juu ya goti. Kando yake akaweka simu. Kwenye simu palikuwa na picha ya ukurasa wa daftari kubwa.

“Shahidi akitoka mahakamani, Bibi, anasaini tena pale pale alipojiandikisha. Nimesaini. Mistari mitatu chini ya jina langu kuna mama mmoja. Bi Mpitanjia. Alikuja kukaa kivulini.”

“Kulikuwa na jua leo,” alisema Bibi Nili.

“Ameweka kidole gumba. Duara. Katikati kovu la mshazari.” Akaisogeza simu karibu na kitambaa, duara kwa duara. “Nimeihesabu mistari yake nikiwa nimesimama getini, askari akaniuliza kama naumwa.”

“Duniani watu wengi. Vidole vitafanana.”

“Nimetoka kuapa mbele ya hakimu kwamba havifanani.”

Bibi Nili alikitazama kile kidole gumba chake, msaliti mkubwa, chenye wino mweusi juu ya bluu. Akakiingiza mfukoni mwa aproni. Uso wake ulikuwa unajitahidi kuwa na haya, lakini kigelegele cha mahakamani kilikuwa bado kimekaa humo ndani, na mashavu yalikuwa yanamwangusha.

“Askari ameniambia kwamba alimwandikia yeye, kwa sababu yule mama, masikini, hajui kuandika,” alisema mjukuu. Sauti yake ilikuwa inaanza kutetemeka kweli sasa, kwa kicheko. “Bibi. Wewe hujui kuandika tangu lini?”

Bibi Nili aliuweka mwiko chini, akajinyoosha, goti na yote.

“Tangu saa tatu asubuhi.”